Salamu Zako na Neno Lililokufa

Bariadi, jioni ya kuamkia safari yako

Maduhu mwanangu,

Sitakuuliza hali, maana nakusikia hapo uani unapiga viatu rangi huku ukimsimulia baba yako jinsi tajiri wako anavyoendesha gari kwa mkono mmoja. Unadhani nasahihisha madaftari ya darasa la sita. Madaftari yapo hapa mezani, ni kweli, lakini leo hayana bahati. Nakuandikia wewe.

Habari za shuka, sabuni na kuamka mapema, baba yako atakuambia, na asipokuambia utajifunza mwenyewe siku utakayoanza kunuka. Mimi nina jambo moja tu, nalo limenikaa kooni tangu jana mchana, tajiri wako alipokuja kunywa chai hapa. Nilijaribu kukuambia leo asubuhi. Ukanikatiza kwa Kisukuma chako cha kumbembeleza mama: mayu, najua, mayu, usiwe na wasiwasi, mimi si mtoto. Nikapandisha hasira, nikaanza kukukaripia habari za ndevu zako ambazo hazijakukosea kitu, na lile nililotaka kulisema likapotelea huko. Ndiyo maana naandika. Barua huwezi kuikatiza, labda uichane.

Jana yule bwana alikaa kwenye kiti cha baba yako, akakunja nne, akasifia chai. Akasema soko limefunguliwa, mambo ya kusubiri chama cha ushirika kilete dawa ya pamba yalikwisha siku nyingi, sasa mwenye duka ndiye mwenye pembejeo, na msimu huu anataka dawa yake ifike kila kijiji kuanzia Maswa mpaka huku kwetu. Nikamwuliza, kwa namna ya kuongeza maongezi tu, kwa nini amekuchukua wewe, wakati matokeo yako ya kidato cha nne mimi na wewe tunayajua. Akacheka.

"Mwalimu," akasema, "vijana wenye vyeti ninao. Huyu nimemchukua kwa salamu zake."

Ukatabasamu mpaka masikioni. Na mimi nikatabasamu, maana mgeni ni mgeni, lakini niliweka birika chini kabla sijamaliza kumimina. Kisha akasema mtaanzia Mwamapalala, kwa kuwa ndiko kwetu, na wazee wa kule hawatamfukuza mjukuu wao. Alilisema hivihivi, huku akichovya mkate.

Salamu hizo nilikufundisha mimi. Vijana wengi wa hapa mjini wanatupa shikamoo huku wanatembea, mzee anabaki anaitikia migongo. Wewe nilikufundisha kusimama, kuinama, kusema mwadila kama ni mchana, halafu kunyamaza usubiri uulizwe ng'wana nani, wewe ni mtoto wa nani. Ndipo unamtaja baba yako, babu yako, upande wa mama yako, mpaka mzee apate mahali pa kukuweka. Akishapapata, sauti yake inabadilika, anakuita mjukuu, na mlango wa jikoni unafunguka. Nilikufundisha ili usiwe mtu wa kupita tu duniani. Sikujua kuna siku mtu angekuja kuniambia ana kazi nazo.

Ya Mwamapalala unayajua nusu. Kwamba mama yako aliwahi kuwaletea watu wake tapeli, hilo unalijua, maana watoto wenzako walikuimbia ulipokuwa unachunga mbuzi wa babu yako, ukarudi unalia, nami nikakupa maziwa badala ya maelezo. Sasa una kidevu chenye ndevu. Nikupe maelezo.

Ilikuwa msimu wa kwanza baada ya ushirika kuacha kutukopesha dawa. Watu walikuwa wamezoea kila kitu kiletwe: mbegu inaletwa, dawa inaletwa, pamba inachukuliwa palepale kijijini. Ghafla kimya. Pamba ilikuwa imeshafika magotini, maua yameanza, na funza wa vitumba hawasubiri serikali ijipange. Mimi nilikuwa nafundisha palepale Mwamapalala, mwalimu pekee mwanamke, na kila jioni watu walikuja kuniuliza kama redio imesema chochote, utadhani nilikuwa nimeolewa na hiyo redio.

Ndipo akaja Nkwabi. Hilo ndilo jina alilotupa. Alikuja kwa baiskeli, shati lake limenyooka, na kwenye keria ya nyuma alikuwa amefunga boksi kwa mpira. Hakusema neno juu ya boksi. Alisalimia. Mwanangu, yule mtu alijua kusalimia! Aliinama, akanyamaza, akasubiri. Nilipomwuliza ni mtoto wa nani, akasema babu yake alikuwa wa hapo Mwamapalala, akahamia Sola kutafuta malisho mwaka wa njaa, na hakurudi. Akamtaja bibi yetu aliyezikwa nyuma ya zizi la zamani. Akataja mwiko wa ukoo wetu, ambao sitauandika hapa. Nilipompikia kuku, firigisi akaisogeza pembeni, akasema hiyo ni ya mwenye nyumba. Baba yako hakuwepo, lakini aliposimuliwa hilo la firigisi alikaa kimya, na akikaa kimya ujue amekubali.

Mimi nilikubali mapema zaidi yake. Nikuambie ukweli, nilifurahi. Nilikuwa nimechoka kuwa mimi peke yangu niliyesoma katika ukoo, na sasa nimempata kaka mwenye shati la kupiga pasi anayejua maneno kama kipimo na mchanganyiko. Kesho yake nikaomba ruhusa shuleni, nikatembea naye nyumba kwa nyumba.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Shangazi Holo, dada yake baba yangu, yule aliyenilea mama yangu alipofariki. Shangazi hakuwa na haraka. Alimsikiliza Nkwabi mpaka mwisho, babu, bibi, Sola, mwiko, halafu akaanza upya. Akamwuliza babu yake alihama na ng'ombe wa rangi gani. Akamwuliza ni nani aliyewasindikiza. Akamwuliza shangazi yake yeye, huyo wa Sola, aliolewa wapi. Nkwabi alijibu la kwanza, la pili akalizungusha, la tatu akaanza kukohoa. Na mimi, Maduhu, nikaona aibu. Nikaona huyu bibi atanivunjia heshima mbele ya mtu wa maana. Nikaingilia.

"Shangazi, ndugu hahojiwi kama mwizi," nikasema. "Mimi nimeshamjua."

Shangazi akasema sawa, kama wewe uliyesoma umemjua. Akanyanyuka kwenda kuweka maji ya chai. Maswali yakaishia hapo. Na kijiji kizima, kilipoona Holo ameacha kuuliza, nacho hakikuuliza.

Halafu likaja boksi. Nkwabi akasema hataki tumwamini kwa maneno. Akaomba bomba la kupulizia, akachanganya dawa, maji yakawa meupe kama maziwa, akapulizia mstari mmoja wa shamba la Shangazi bure. Asubuhi tukaenda kutazama. Funza walikuwa chini wamejikunja, wamekufa. Watu walipiga vigelegele shambani kama harusini. Kufikia jioni kila nyumba ilitaka chupa. Wasio na fedha walitoa mbuzi, walitoa mahindi. Shangazi alitoa mtamba wake, ng'ombe jike ambaye hajazaa, ambaye alikuwa amemweka kwa ajili ya uzee wake. Nkwabi hakumpokea mara moja. Alisema, ah, shangazi, huyu ni mwingi mno. Nikamsihi mimi. Umesikia? Nilimsihi achukue.

Alikaa nasi siku chache, akaondoka akisema anakwenda kuongeza mzigo. Watu wakapulizia. Weupe ulikuwepo, harufu ilikuwepo, na funza nao walikuwepo, wazima, wanatoboa vitumba. Wengine wakasema tumekosea kipimo, wakaongeza. Wengine wakarudia mara nyingine na nyingine mpaka chupa zikaisha. Nilikuwa napita shambani baada ya vipindi, nafungua kitumba kwa kucha, nakuta funza amekaa ndani amenenepa. Mwaka ule hatukuvuna pamba. Tulivuna vijiti. Na kwa sababu mbuzi na mahindi vilikuwa vimekwenda na Nkwabi, kulikuwa na nyumba zilizopika mlenda mtupu mpaka zikasahau ladha ya kingine.

Mimi na baba yako tulikwenda Sola kwa baiskeli kumtafuta. Hili sijawahi kukusimulia. Tuliupata ukoo aliotutajia, upo kweli. Mzee mwenye boma akatukaribisha, akatusikiliza, akasema hamjui kijana huyo, hajawahi kumwona, na kwamba siku hizi kila mwenye baiskeli ni ndugu wa mtu. Tukaaga. Tulipokuwa tunatoka, mama mmoja aliyekuwa anapepeta karanga pembeni mwa ua akatuita kwa mkono. Akasema polepole, bila kuinua macho kwenye ungo: "Mzee anaona haya. Yule ni wetu. Na sisi alituuzia."

Njia nzima ya kurudi tulibishana. Baba yako alimwamini yule mama. Alisema Nkwabi ni ndugu wa damu aliyeharibiwa na biashara. Mimi nilimwamini mzee. Nilisema ni mtu baki aliyekaa mahali, akasikiliza watu wakizungumza habari zao kwenye pombe, akazikusanya, akazivaa. Tulibishana mpaka tairi likapasuka, tukasukuma baiskeli, tukaendelea kubishana. Mpaka leo hatujakubaliana, na mpaka leo hatujui.

Sasa nifikie kwenye neno. Usicheke. Najua wewe na baba yako mnasema mimi naweza kumsomea kamusi hata mgonjwa.

Mwaka uleule shule ililetewa boksi la vitabu vya Kiingereza kutoka ng'ambo. Vingi vilikuwa vikuukuu, havina faida kwa mtoto wa shule ya msingi. Kulikuwa na kitabu cha hadithi za kale na kamusi moja kubwa isiyo na jalada. Nilikuwa nabaki ofisini baada ya watoto kuondoka, kwa sababu nikitoka nakutana na watu. Nikawa nasoma tu ili jua lizame. Katika ile hadithi mwanamke mmoja anamfukuza mtu nyumbani kwake, na anakitaja kitendo alichomfanyia kwa neno ambalo sikuwa nimewahi kuliona: cozen. Linatamkwa kama kazin, karibu sawa kabisa na wanavyotamka neno lao la binamu, cousin.

Nikafungua kamusi. Ikasema ni kitenzi cha zamani ambacho hakitumiki tena katika mazungumzo. Maana yake kumdanganya mtu kwa hila, kumnyang'anya chake kwa kumfanya akuamini. Nikajaribu kulitafuta kwa Kiswahili. Kulaghai? Kughilibu? Vijana wa mjini wanasema kuliza, wanasema kuingiza mtu mjini. Yote yanafika karibu, hakuna linalokaa. Yule anayekulaghai anaweza kukulaghai akiwa amesimama barabarani. Mimi nilitaka neno la mtu anayeingia mpaka jikoni, anayesogeza firigisi pembeni.

Nikasoma chini, pale wanapoandika neno limetoka wapi. Mwanangu, nilisoma huku nimesimama. Walisema, labda limetokana na neno la ndugu. Kwamba zamani huko Ulaya kulikuwa na watu waliozunguka nyumba hadi nyumba wakidai, mimi ni ndugu yenu wa upande fulani, wakapewa chakula na malazi, wakaondoka na mali. Halafu wakasema, au labda silo hilo. Labda linatokana na neno la Waitaliano la dalali wa farasi, mtu wa mnadani, anayejua kumpaka mafuta farasi mzee aonekane kijana. Halafu wakamalizia kwamba asili yake haijulikani kwa hakika.

Haijulikani! Miaka yote nimewaambia watoto kwamba kamusi ndiyo inayokata shauri, mkibishana fungueni kamusi. Na siku niliyoihitaji mimi, inaniambia labda. Nilikaa pale nikacheka peke yangu, kisha nikalia, mlinzi akaja kuchungulia dirishani akadhani nimepata msiba. Watu wa kamusi nao walikuwa wamegawanyika kama wale watu wawili wa Sola. Mmoja anasema mlaghai ni ndugu. Mwingine anasema hapana, ni mtu wa mnadani tu.

Kwa miaka nilitaka awe dalali wa farasi. Nilitaka sana. Kila mgeni aliyepita shuleni mwenye Kiingereza cha kueleweka nilimwuliza: padri, mkaguzi, hata yule kijana wa kupima visima. Wengi hawakulijua hata neno lenyewe. Kwa nini nilitaka iwe farasi? Kwa sababu kama mlaghai ni mtu wa mnadani, basi undugu hauna kosa. Tutafunga mnada, tutafukuza madalali, tutarudi kwenye salamu zetu kama zamani. Lakini kama ni ndugu, basi kitu kilekile ninachokipenda kuliko vyote, kinachofanya mtu asilale nje penye nyumba ya mtu wa ukoo wake, ndicho kinachotumika kumkaba. Nilikuwa siwezi kulala na wazo hilo.

Umri umenisaidia kidogo. Nimeacha kuuliza Nkwabi alikuwa nani. Huenda nisijue mpaka nife, na wenye lugha yao wameshindwa, sembuse mimi. Ila jambo moja najua, kwa kuwa nililifanya kwa mdomo wangu. Shangazi alikuwa anauliza, na mimi nikajibu kwa niaba ya mtu. Undugu wetu haukuwa mjinga, Maduhu. Ulikuwa na maswali yake, ulikuwa na bibi anayeuliza rangi ya ng'ombe. Mimi ndiye niliyeyaona maswali yale kama ushamba. Nilidhani kumpenda ndugu ni kutomwuliza.

Adhabu yangu hakuitoa mwenyekiti wala baraza. Aliitoa Shangazi. Siku niliyokwenda kumwomba radhi nilipiga magoti mlangoni kwake, nikasema mwadila. Akaitika, mwadila. Nikasubiri. Hakuuliza kitu. Aliitika kama anavyomwitikia mpita njia anayekwenda zake, akaendelea kuchambua mboga. Yeye aliyenibeba mgongoni hakuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilikaa pale magotini mpaka miguu ikafa ganzi, kisha nikanyanyuka. Nilirudi tena mara nyingi, na kila mara anaitika, anaishia hapo. Mwaka uliofuata niliomba uhamisho tukaja Bariadi. Ulikuwa mdogo, ulifurahia umeme.

Basi jana mtu anakaa kwenye kiti cha baba yako na kuniambia amekuchukua kwa salamu zako, na kwamba mtaanzia Mwamapalala. Sasa unaelewa kwa nini nilikukaripia habari za ndevu.

Kuna kitu nimekifanya leo ulipokwenda kuaga rafiki zako. Boksi alilokuachia tajiri wako lilikuwa chini ya kitanda chako. Nimelifungua, nimetoa chupa moja, kwa hiyo ukiona imepungua usimlaumu mtu. Nikaenda kwenye pamba ya baba yako hapo nyuma, nikachuma vitumba vilivyotobolewa, nikatoa funza, nikawaweka kwenye bakuli na majani yao. Nikachanganya dawa kama karatasi ya chupa inavyosema. Nikawanyunyizia. Nikavuta kigoda nikakaa nawatazama kama mwanamke aliyerukwa na akili, sufuria ya ugali nimeiacha motoni.

Wamekufa, Maduhu. Wote. Walijikunja, wakaacha kusogea, kabla hata ugali haujaungua.

Nilipaswa kufurahi. Nilikasirika. Niliwatikisa kwa kijiti, nikawaambia amkeni. Hapo ndipo nilipojua nilikuwa nataka nini. Nilitaka waishi, nikuonyeshe bakuli, nikuambie umeona, ubaki hapa nyumbani uchunge hata kuku. Naogopa. Sina njia nyingine ya kulisema. Naogopa usije ukawa Nkwabi, na naogopa zaidi usije ukawa mimi, mtu mwema aliyemshika mwizi mkono akamtembeza.

Na bakuli halikunisaidia kitu, kwa sababu mstari wa kwanza wa Nkwabi nao uliua. Dawa ya kwanza huwa nzuri. Yawezekana tajiri wako ni muungwana kabisa, mtu anayependa kuongea tu, na boksi la pili na la kumi yatakuwa kama hili. Yawezekana hili ni la kuwafanya watu wapige vigelegele. Mimi sijui, wewe hujui, na pengine hata yeye bado hajaamua. Hiyo ndiyo hali unayokwenda nayo kazini. Sitakuzuia. Baba yako anasema mwache aende, hapa nyumbani atafanya nini, na safari hii nimemkubalia bila kubishana, jambo ambalo limemshtua.

Lakini sitakaa kimya pia. Asubuhi ukiamka hutanikuta. Pikapu ya wenye ng'ombe inatoka alfajiri kwenda mnadani, na nimeongea na dereva anishushe Mwamapalala. Barua hii utaikuta juu ya begi lako. Chai itakuwa kwenye chupa.

Nakwenda kwa Shangazi Holo. Bado yupo, macho yake yamepungua, masikio anayo. Nitapiga magoti palepale mlangoni, nitamwamkia. Akiishia kwenye kuitika kama siku zote, shauri yake, nitasema hivyohivyo bila kuulizwa. Nitamwambia mwanangu Maduhu anakuja wiki hii na mzigo wa dawa ya pamba. Nitamwambia huyu ni mjukuu wako wa kweli, mpe uji, mpe mahali pa kulala, mtanie habari za ndevu. Lakini chupa zake ni za mtu baki. Zihoji. Kila boksi lifunguliwe, kila boksi lijaribiwe kwenye mstari wake, na asiyeridhika asinunue, na mtu yeyote asije akasema mimi nimemjua. Nitawaambia hata mimi mama yake sizijui. Kisha nitakwenda nyumba kwa nyumba, zilezile nilizopita na Nkwabi, nikirudia maneno hayohayo.

Najua maana yake kwako. Tajiri wako amekuchukua ili milango ifunguke upesi, na mimi natangulia kuwaambia wafungue polepole. Anaweza kukuona huna faida akakurudisha kabla hujamaliza mwezi. Utakuwa na haki ya kunikasirikia, na ukitaka kunikasirikia mwaka mzima, nikasirikie. Nimelipima hilo tangu jana, na ndilo lililonifanya niweke birika chini. Kama ni mtu mwema, maswali hayatamwumiza. Atauza taratibu, na atauza misimu mingi. Kama si mwema, utamjua siku atakayokuambia uwaambie bibi zako waache kuuliza. Siku hiyo usisubiri mshahara. Acha boksi hapo lilipo, panda gari lolote linalokuja huku.

Nakusikia umemaliza viatu. Unamwuliza baba yako kama vinang'aa, naye anasema vinang'aa, hata hajavitazama. Nitatoka sasa nije nivitazame mimi, na sitasema neno juu ya haya niliyoyaandika, maana nikifungua mdomo nitalia na wewe utaniambia mayu, najua.

Ukifika kwa Shangazi Holo, simama, inama, salimia kama nilivyokufundisha, usipunguze hata kidogo. Kisha, kabla hajakuuliza wewe ni mtoto wa nani, mwambie umekuja kuuza nini.

Mimi mayu wako,
ambaye kwa sasa atakuwa barabarani